Sura ya Sita: Kwa Nini Menyu Inajifunga Kabla Sijachagua?

Fundi wa kompyuta, awe wa Kariakoo au wa River Road, hakosi kuulizwa swali hili: "Nikibofya, menyu inafunguka, halafu inajifunga yenyewe kabla sijachagua. Nakosea wapi?" Mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyeizoea kompyuta moja kwa miaka, kisha akaketi mbele ya nyingine. Kazini anatumia Windows bila tabu. Jioni amepewa Mac ya mwanawe, au amekuta Linux kwenye maabara ya chuo, na vidole vilivyokuwa vikienda vyenyewe sasa vinapapasa. Anajiona mzito wa kuelewa, na waliomzunguka hawamsaidii kwa kumwambia "bofya tu".

Tatizo limejificha ndani ya hiyo "bofya tu". Mbofyo mmoja ni vitendo viwili: kidole kinabonyeza kitufe cha kipanya, kisha kinakiachia. Kwetu hilo ni jambo moja la kufumba na kufumbua. Kwa kompyuta ni taarifa mbili zinazofika kwa nyakati mbili, na kila moja inaweza kupewa kazi yake. Waliotengeneza mifumo ya kompyuta hawakuwahi kukubaliana ipi ifungue menyu, ipi itekeleze amri, na ipi ifunge. Karibu kila kero ya menyu utakayosoma katika sura hii inaanzia hapo.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Menyu kunjuzi ni orodha iliyofichwa nyuma ya neno moja au kisanduku kimoja. Ukiligusa neno, orodha inateremka. Maneno kama "File" na "Edit" juu ya dirisha la programu yana orodha za namna hiyo. Visanduku vya fomu vinavyokutaka uchague mwaka wa kuzaliwa, mkoa au nchi navyo ni ndugu zake, ingawa vina tabia zao, na tutavifikia.

Bonyeza, kisha achia

Jaribu hili ukiwa na kompyuta karibu. Fungua programu ya Windows ya mtindo wa zamani, mfano Notepad iliyokuja na Windows 7 au 10. Peleka mshale juu ya neno "File", bonyeza kitufe cha kushoto na usikiachie. Menyu imeshafunguka, na kidole bado kiko chini. Sasa achia. Hakuna kinachotokea, menyu imetulia pale pale. Teremsha mshale hadi kwenye amri ya kuhifadhi, bonyeza na ushikilie tena. Kimya. Achia, na hapo ndipo amri inatekelezwa.

Kwa hiyo menyu ilifunguliwa na kubonyeza, lakini amri ilitekelezwa na kuachia. Sasa rudia kwa namna nyingine: bonyeza "File", usiachie, buruta mshale moja kwa moja hadi kwenye amri unayoitaka, ndipo uachie. Matokeo ni yale yale, ila umebonyeza mara moja badala ya mbili. Njia zote mbili zimo ndani ya menyu hiyo hiyo, na nimekutana na makatibu muhtasi wenye uzoefu wa miaka ambao hawakujua kuwa hiyo ya pili ipo.

Kabla ya kuendelea, linganisha na kitufe cha kawaida kwenye skrini, kile cha "OK" au "Delete". Kitufe hicho husubiri uachie. Ukikibonyeza kisha roho ikasita, usiachie: telezesha mshale hadi nje ya kitufe ndipo uinue kidole. Hakuna kitakachofutwa. Ni ujanja mdogo ulio kwenye karibu kila mfumo wa kompyuta za mezani, na umeokoa mafaili ya watu wengi kuliko wanaoujua.

Turudi kwenye menyu. Ikiwa mfumo unaruhusu njia zote mbili, unajuaje wewe unatumia ipi? Kidole kinapoinuka, mfumo hujiuliza mambo mawili:

- Mshale uko wapi? Ukiwa juu ya amri, amri hutekelezwa. Ukiwa bado juu ya jina la menyu, menyu huachwa wazi. Ukiwa umeburutwa hadi mahali pengine, menyu hufungwa.
- Muda gani umepita tangu kitufe kibonyezwe? Hili si kila mfumo unaliuliza, na wale wanaouliza ndio wanaowachanganya watu.

Mac huuliza. Ukibofya jina la menyu upesi, menyu inabaki wazi. Ukibonyeza na kukawia, kisha ukaachia mshale ukiwa bado juu ya jina, Mac inakuhesabu kuwa mtu aliyeshikilia, akatazama, asipende alichokiona; inaifunga. GTK, yaani mkusanyiko wa sehemu zilizokwisha kutengenezwa ambazo programu nyingi za Linux hutumia kuchora madirisha na menyu zake, katika matoleo yake ya 2 na ya 3 iliweka mpaka wa milisekunde 500. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo mpaka huo ni nusu sekunde.

Nusu sekunde ni nyingi kwa kijana wa chuo. Kwa mtu mwenye vidole vinavyouma, au anayebonyeza kwa uangalifu kwa sababu anaogopa kuharibu, ni muda unaopita bila yeye kujua. Yeye anaona amebofya, mashine inaona ameshikilia. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa muulizaji wetu, na dawa yake ni ya kushangaza kidogo: bofya kwa haraka zaidi, au shikilia moja kwa moja hadi ufike unakokwenda. Katikati ya hayo mawili ndiko menyu zinakojifunga.

Mbofyo wa kulia una ugomvi wake. Windows hungoja uachie kitufe cha kulia ndipo ilete menyu. Mac huileta mara tu unapobonyeza, na mifumo mingi ya Linux pia. Ndiyo maana kwenye Mac unaweza kubonyeza kulia, kuburuta na kuachia juu ya amri kwa mkupuo mmoja, jambo lisilowezekana kwenye Windows. Lakini njia hiyo ina mtego. Menyu ikichipuka chini kabisa ya mshale wakati kidole bado kiko chini, kuachia kunaweza kuhesabika kuwa ni kuchagua amri ya kwanza. Watumiaji wa Linux wamelalamikia hilo kwa miaka. Programu zilizo makini huisogeza menyu pembeni kidogo ya ncha ya mshale ili kidole kiinuke juu ya nafasi tupu.

Enzi ya kidole kisichoinuka

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliuonyesha umma kipanya kwa mara ya kwanza. Kilikuwa na vitufe vitatu. Kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, nayo ilikuwa na kipanya cha vitufe vitatu, na menyu zake zilichipuka pale pale mshale ulipokuwa. Mtu alipaswa kukumbuka kitufe kipi kinafanya nini.

Apple walipokuwa wakiitengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka Januari 1983, mmoja wa watu wao, Larry Tesler, alipigania kipanya cha kitufe kimoja. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kitufe kikiwa kimoja, hakuna wa kukosea. Lakini kitufe kimoja kingewezaje kufungua orodha na kuchagua ndani yake? Bill Atkinson, aliyeandika sehemu kubwa ya programu za kuchora skrini ya Lisa, alijaribu kuziweka menyu sehemu mbalimbali kabla ya kuzipanga katika mstari mmoja juu ya skrini. Kubonyeza kukafungua. Kuburuta kukapita juu ya amri moja baada ya nyingine. Kuachia kukachagua. Kitendo kimoja kirefu kilibeba kazi tatu, na Macintosh ya Januari 24, 1984 ikakirithi.

Kwenye Macintosh hiyo menyu iliishi muda ule tu kidole kilipokuwa chini. Mtu aliyebofya na kuachia aliona orodha ikimulika mara moja na kutoweka. Amri iliyochaguliwa ilipepesa mara chache kabla ya kutekelezwa, ili mtumiaji aone wazi kuwa amesikika. Idadi ya mipepeso hiyo ungeweza kuipunguza au kuizima kwenye mipangilio.

Mfumo huo ulikuwa na raha yake. Hakuna menyu iliyosahaulika wazi, na kuahirisha kulikuwa rahisi: toka nje, achia. Taabu ilianza pale mkono ulipofika ukingoni mwa meza. Kipanya cha siku zile kilibingirika kwa kigololo tumboni. Amri uliyoitaka iko chini zaidi, meza imekwisha, na ukiachia kitufe unapoteza menyu. Inakubidi ukinyanyue kipanya hewani huku umebana kitufe, ukirudishe katikati ya meza, uendelee kuburuta. Kwenye laptopu ilikuwa balaa zaidi. Apple walipoleta kibao cha kugusa kwenye PowerBook za mwaka 1994, kidole gumba kilipaswa kukandamiza kitufe wakati wote huku kidole kingine kikitambaa juu ya kibao.

Ilichukua hadi Julai 1997, kwenye Mac OS 8, ndipo Apple wakakubali menyu ibaki wazi baada ya mbofyo wa kawaida. Windows ilikuwa imeshawazoesha mamilioni ya watu jambo hilo hilo. Miaka 13 ni mingi kwa jambo dogo kama hilo, na sioni sababu nyingine zaidi ya kiburi kidogo cha mafundi wanaopenda kazi yao.

Waliopita njia nyingine

Mwaka 1985 zilitoka kompyuta mbili zilizopendwa sana Ulaya, Atari ST na Commodore Amiga, na kila moja ilikuwa na maoni yake kuhusu menyu.

Kwenye Atari hukuhitaji kubofya. Mshale ukigusa jina tu, menyu ilianguka yenyewe, na ilibaki hapo mpaka ubofye. Inapendeza mara ya kwanza. Mara ya kumi unagundua kwamba huwezi kupeleka mshale juu ya skrini kwa shughuli nyingine bila kujaziwa orodha usiyoiomba. Tabia hiyo haikufa: tovuti nyingi za leo zina menyu zinazofunguka kwa kupitiwa na mshale, na kero ni ile ile. Kwenye simu ndiyo hazina maana kabisa, kwa sababu kidole hakipiti juu ya kioo bila kukigusa.

Amiga ilikwenda upande wa pili. Juu ya skrini hapakuwa na menyu mpaka ushikilie kitufe cha kulia. Hapo majina yakajitokeza, ukaburuta, ukaachia. Uzuri wake ulikuwa huu: ukiwa bado umeshikilia cha kulia, uliweza kubofya kwa cha kushoto amri kadhaa mfululizo, na zote zikafuatwa. Mtu anayetaka herufi nene, za mlazo na zenye mstari chini alifungua menyu mara moja tu. Leo, katika programu nyingi, utaifungua mara tatu.

Kampuni ya Acorn ya Uingereza iliyotengeneza kompyuta za Archimedes ilikuwa na dawa yake kwa tatizo hilo hilo. Mfumo wake, RISC OS, ulitumia vitufe vitatu: cha kushoto kuchagua, cha kati kuleta menyu, na cha kulia kurekebisha. Ukichagua amri kwa cha kushoto, menyu inafungwa. Ukiichagua kwa cha kulia, amri inatekelezwa na menyu inabaki wazi ikungoje. Kwa maoni yangu hakuna aliyewahi kulitatua jambo hili vizuri zaidi, na inasikitisha kwamba wazo hilo halikuenea kwenye mifumo mingine.

Nani anakula mbofyo wako?

Umefungua menyu, umeghairi, unataka kuifunga. Unabofya mahali popote nje yake. Menyu inafungwa. Je, ule mbofyo umeishia hapo, au umefika pia kwenye kitu kilichokuwa chini ya mshale?

Mac huumeza. Mbofyo wa kwanza kazi yake ni kufunga menyu, basi. Ukitaka kugusa kilicho chini, bofya tena. Programu nyingi za Linux hufanya hivyo hivyo. Windows, kwa menyu zake za asili, hufunga menyu na kuupitisha mbofyo uende ulikoelekezwa. Ukiwa na menyu wazi kwenye Notepad ukabofya katikati ya maandishi, menyu inatoweka na kialama cha kuandikia kinahamia pale pale ulipobofya.

Aliyezoea Windows akihamia Mac huona mashine inambishia; kila jambo anabofya mara mbili. Aliyezoea Mac akihamia Windows yuko hatarini zaidi. Kwake, kubofya pembeni ili kufunga menyu ni jambo lisilo na madhara, kwa hiyo hatazami mshale ulipo. Ukiwa juu ya kiungo, ukurasa unabadilika. Ukiwa juu ya kitufe cha kutuma barua, barua imekwenda.

Ninaona Mac wako sahihi hapa, ingawa wanakugharimu mbofyo mmoja wa ziada. Lakini kuna njia isiyohitaji ubishi: kitufe cha Esc, kilicho pembeni juu kushoto mwa kibodi. Hufunga menyu kwenye Windows, Mac na Linux, na hakigusi kitu kingine.

Kwa ufupi, hadi hapa:

- Menyu ya juu hufunguka unapobonyeza; amri hutekelezwa unapoachia.
- Ukikawia katikati, baadhi ya mifumo itafunga.
- Menyu ya mbofyo wa kulia huja ukiachia kwenye Windows, ukibonyeza kwenye Mac na Linux nyingi.
- Kufunga bila wasiwasi, tumia Esc.

Kona inayowaponyoka watu

Baadhi ya amri zina mshale mdogo pembeni, ishara kwamba ndani yake kuna menyu nyingine. Unaiweka ncha juu ya amri hiyo, menyu ndogo inafunguka upande wa kulia, unaifuata, na kabla hujafika imebadilika kuwa nyingine. Umerudi ulikoanza.

Kosa liko kwenye umbo la safari. Menyu ndogo inachipuka kulia, lakini amri unayoitaka iko chini kidogo ndani yake. Mkono wa binadamu hauendi kulia kisha ukakata chini. Unakwenda mshazari, kama wanafunzi wanaovuka uwanja wa mpira kwa kukata kona badala ya kuuzunguka. Na katika kukata kona, mshale unakanyaga amri iliyo chini ya ile uliyoifungua. Mfumo mjinga unaona umehamia amri mpya, unafunga menyu ndogo ya kwanza.

Windows ililitatua kwa kusubiri. Tangu enzi za Windows 95, mfumo unangoja milisekunde 400 kabla ya kufungua au kubadilisha menyu ndogo. Ukikata kona ndani ya muda huo, umepona. Ukijikokota, umepotea. Na aliyekwisha kuzoea huona kila menyu inachelewa, ndiyo maana mafundi wengi hupenda kuipunguza namba hiyo kwenye mipangilio ya ndani ya Windows, kisha mwenye kompyuta analalamika menyu zimekuwa na kichaa.

Apple walitumia jiometri. Bruce Tognazzini, aliyekuwa mbunifu wao miaka ya 1980, alibuni eneo la pembe linaloanzia kwenye mshale na kupanuka kuelekea menyu ndogo. Mshale ukisafiri ndani ya pembe hiyo, mfumo unaelewa kuwa unakwenda kwenye menyu ndogo na hauifungi, hata ukikanyaga amri za katikati. Ukitoka nje ya pembe, unabadilisha papo hapo. Hakuna cha kusubiri. Miaka mingi baadaye duka la mtandaoni la Amazon lilitumia wazo la namna hiyo kwenye menyu yake kubwa ya bidhaa, na wanaotengeneza tovuti wakalishangilia kana kwamba limezaliwa siku hiyo.

Kipanya kilichochoka, kompyuta nzito

Kuna menyu zinazojifunga kwa sababu za kawaida kabisa, na kwenye ofisi zetu zenye vifaa vya miaka mingi ndizo nyingi.

Ndani ya kitufe cha kipanya kuna kibati chembamba kinachogusa kingine unapobonyeza. Kikizeeka, kinaruka: kinagusa, kinaachana, kinagusa tena, yote ndani ya kubonyeza kwako kumoja. Kompyuta inapokea mibofyo miwili. Wa kwanza unafungua menyu, wa pili, ukiwa juu ya jina lile lile, unaifunga. Unachokiona ni menyu inayomweka. Dalili nyingine ni kwamba mafaili yanafunguka kwa kubofya mara moja, kwa sababu Windows, ikiachwa ilivyokuja, huhesabu mibofyo miwili iliyofuatana ndani ya milisekunde 500 kuwa ni "kubofya mara mbili". Kupima ni rahisi. Tumia kibao cha laptopu, au kipanya cha jirani. Tatizo likiisha, acha kuhangaika na programu, nunua kipanya.

Kompyuta nzito ina mchezo tofauti. Unabofya "File", hakuna kitu. Unabofya tena. Bado. Unabofya kwa hasira. Mibofyo yote hiyo haikupotea. Imepangwa foleni, na mashine ikipumua inaitekeleza mmoja baada ya mwingine: fungua, funga, fungua. Ukiwa umebofya mara nne, utaikuta menyu imefungwa na utaapa kwamba haikufunguka kamwe. Bofya mara moja, ondoa mkono, ngoja.

Visanduku vya fomu

Kwenye steshenari iliyo jirani na ofisi yoyote ya serikali utakuta kijana mmoja kwenye kompyuta na foleni ya watu wenye vitambulisho mkononi. Mzee ameketi kwenye kigoda pembeni yake.

"Mzee, ulizaliwa mwaka gani?"

"Sitini na mbili."

Kijana anafungua kisanduku, anachagua 1962, kisha anazungusha gurudumu la kipanya ili ashuke chini ya ukurasa. Mzee ana macho makali.

"Mwanangu, mbona hapo pameandikwa hamsini na tisa?"

Kijana hakukosea kuchagua. Kwenye visanduku vya kawaida vya Windows, na kwenye baadhi ya vivinjari vya zamani, kisanduku kilichotoka kuguswa hubaki kikisikiliza. Gurudumu likizunguka, badala ya ukurasa kushuka, chaguo ndilo linaloshuka: 1961, 1960, 1959. Hakuna onyo. Mac haina tabia hiyo. Kinga yake ni kubonyeza Tab, au kubofya sehemu tupu ya ukurasa, kabla ya kuligusa gurudumu.

Visanduku vina tofauti nyingine inayowashangaza wanaohama mfumo. Windows huteremsha orodha chini ya kisanduku. Mac huitandaza juu yake, ikihakikisha kuwa chaguo la sasa limekaa pale pale lilipokuwa, chini ya mshale. Kwa hiyo kwenye Mac, ukibofya kwa bahati mbaya na kubofya tena bila kusogea, hukubadilisha chochote. Hilo nalo ni zao la enzi ya kidole kisichoinuka: ukibonyeza na kuachia hapo hapo, unabaki na ulichokuwa nacho.

Orodha ndefu kuliko zote ni ya nchi. Orodha rasmi ya kimataifa ya ISO ina majina 249 ya nchi na maeneo, na fomu nyingi huimwaga yote kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiingereza. Mtanzania na Mganda wanaburuta hadi karibu na mwisho. Na Mtanzania anaweza asijikute, kwa sababu kuna fomu zinazoiweka nchi yake kwenye T na nyingine kwenye U, chini ya jina refu la "United Republic of Tanzania". Wakongo wana shida yao: Kongo mbili zimekaa zikigusana, na kidole kikiteleza mstari mmoja wakati wa kuachia, mtu wa Lubumbashi ameandikishwa kuwa raia wa nchi ambayo mji wake mkuu ni Brazzaville.

Hapa kibodi inashinda kipanya. Kisanduku kikiwa kimechaguliwa, andika herufi za mwanzo upesi, "tan" au "ken", na orodha inaruka hadi hapo. Usisite katikati; ukisita, kisanduku kinadhani umeanza neno jipya, na "n" yako ya mwisho inakupeleka Namibia. Kisha Enter.

Ujanja huo hufanya kazi kwenye visanduku halisi, vile vinavyotolewa na kivinjari au mfumo wenyewe. Tovuti nyingi hazivitumii. Wabunifu huviona vibaya, hivyo huchora vya kwao vyenye rangi na vivuli, na katika kuchora huacha nyuma tabia zilizochukua miaka kukomaa. Kukitambua kisanduku cha bandia, bonyeza, buruta, achia, andika herufi ya kwanza ya unachotaka, bonyeza Esc. Kisipoitikia hata kimoja, jua umekutana na mchoro, na utalazimika kuburuta majina 249 kwa mkono.

Na mwaka wa kuzaliwa haukuhitaji orodha tangu mwanzo, kwa sababu hakuna mtu anayesahau tarakimu zake nne akahitaji kuonyeshwa mia moja achague. Tovuti ya huduma za serikali ya Uingereza, GOV.UK, huwaelekeza watengenezaji wake waweke visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka.